Hodi ya Umeme: Historia Fupi ya Kibao cha "Kuna Mtu"

Leo hakuna kodi (nasema ya kompyuta, ile ya KRA iko palepale). Waliokuja kutafuta mambo ya hifadhidata na PHP wanivumilie mpaka wiki ijayo :) Kwa wiki mbili nimekuwa nikisoma habari za reli, simu za zamani na milango ya vyoo. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba mengi niliyofundishwa chuoni kama sayansi ya kompyuta yalikwishafanyiwa kazi na watu wa nyaya na sumaku kabla babu yangu hajazaliwa.

Chanzo ni milango minne. Kuna zahanati moja ndogo huku kwetu Muthetheni, kaunti ya Machakos, ambayo sitaitaja jina. Ina vyumba vinne kwenye korido moja, na benchi la wagonjwa. Zamu yako ikifika huna njia ya kujua kama chumba kina mtu ila kusukuma mlango. Na mlango ukisukumwa wakati mama mjamzito anapimwa, au msichana anangoja majibu ya damu, au mzee amevua shati, benchi zima limeona. Muthetheni tunajuana mpaka mbuzi wa kila boma. Mtu akiaibika hapo mara moja, dawa ya mwezi ujao haji kuichukua. Atapanda matatu hadi Masii au Machakos mjini ambako hajulikani, kama ana nauli. Kama hana, atakaa nyumbani na ugonjwa wake.

Basi nikaombwa nitengeneze kitu cha kuonyesha kama chumba kina mtu au ni kitupu, kionekane mlangoni na pia kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa. Ni biti moja tu kwa kila chumba. Marafiki zangu wa Nairobi wakanijibu haraka: chukua ESP32, weka kihisi mlangoni, tuma hali kwa waifai, washa taa nyekundu. Ni kazi ya jioni moja, sikatai. Lakini huku stima ina mambo yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona.) Gitaru iko kwenye mto Tana, si mbali na sisi. Ukambani tunaishi ubavuni mwa mabwawa hayo, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na bado taa inatuchezea. Sasa fikiria taa nyekundu mlangoni imezimika. Inasema chumba ni kitupu, au inasema stima imepotea? Inasema yote mawili kwa pamoja, na aliye kwenye benchi atachagua lile linalomfaa.

Sisi tuna itifaki yetu ya zamani ya jambo hili, nayo ni hodi. Unasimama nje, unaita, unangoja. Ukisikia "karibu" unaingia. Usipojibiwa unaita tena, na ya tatu, halafu unaenda zako. Tazama jinsi ilivyoundwa vizuri: kimya si ruhusa. Aliye ndani akiwa amelala, hasikii au hataki wageni, matokeo ni yaleyale, yaani wewe unabaki nje. Kwenye zahanati hodi inashindwa kwa sababu nyingine kabisa. Kuna kelele za watoto, mgonjwa aliyelala kitandani hana sauti ya kujibu, na daktari aliyeinamia karatasi anasema "karibu" bila kufikiri. Kinachotakiwa ni chombo cha kujibu hodi kwa niaba ya aliye ndani, na kwa adabu ileile ya hodi.

Jibu moja zuri sana halikuwa na umeme hata kidogo. Mwaka 1883 mtu mmoja wa kusini mwa London, Ashwell, alipata hataza ya komeo la vyoo vya umma. Ukilisukuma kufunga, kibao cha nje kinageuka kutoka "wazi" kuwa "kuna mtu". Aliyepanda ndege amekiona kizazi cha kile kibao. Ninachokipenda ni kwamba hakuna nakala mbili za ukweli pale, komeo lenyewe ndilo habari. Huwezi kufunga mlango ukasahau kugeuza kibao, wala kugeuza kibao ukasahau kufunga. Nimeona ofisi zenye vibao vya mbao vya kutelezesha, "Nipo" na "Sipo", na mwenye ofisi yuko "Nipo" tangu Krismasi.

Ila komeo la Ashwell linamwambia aliyesimama mbele ya mlango tu. Anayeandikisha wagonjwa mwisho wa korido halioni. Haja ya kujua hali ya chumba usichokiona ndiyo iliyovileta vyombo vya umeme, na chumba chenyewe kilikuwa kipande cha reli.

Mwingereza William Fothergill Cooke, ambaye mwaka 1837 alipata hataza ya telegrafu ya sindano pamoja na Charles Wheatstone, alichapisha kitabu kidogo mwaka 1842. Alisema reli ya njia moja inaweza kutumika kwa usalama ikigawanywa vipande, na kila kipande kiwe na sindano ya kuonyesha stesheni kwa stesheni kama kuna treni ndani au hamna. Kabla ya hapo treni zilitenganishwa kwa saa. Ya kwanza ikiondoka unangoja dakika kadhaa, unaachilia ya pili, na unaomba Mungu ya kwanza isiwe imekwama mbele. Cooke alikuwa anasema: acheni kukisia, pigeni hodi.

Msomaji wa Ukambani hana haja ya kwenda Uingereza kuliona hili. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901, ilikuwa ya njia moja. Treni zilipishana stesheni tu. Ilipita kusini mwetu, kwa Sultan Hamud, Kima, Ulu na Konza, ikauacha mji wa Machakos pembeni. Waya wa telegrafu ulisindikizana nayo, ingawa kule Nandi waya ulikuwa ukikatwa na kugeuzwa mapambo. Kwenye njia kama hiyo kipande cha kati ya stesheni mbili ni chumba cha mgeni mmoja. Ulu haiachilii treni kabla Konza haijajibu kwamba njia ni tupu, na Konza wakikaa kimya treni inangoja. Stesheni masta na nyanya yangu walifuata kanuni moja. (Kima, kwa wasiojua, ndiko simba alikoingia behewani usiku mmoja mwaka 1900 akamchukua Ryall, ofisa wa polisi wa reli. Mlango ulikuwa wa kutelezesha, na simba hana hodi.)

Ubaya wa hodi ya telegrafu ni kwamba bado ilitegemea vichwa vya watu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, Uingereza, ruhusa ya kuleta treni kwenye njia moja ilitumwa kwenye waya kabla haijatiwa sahihi. Upande huu wakaachilia treni nyingine. Kosa lilipogunduliwa wakatuma ujumbe wa kufuta, lakini treni ya upande wa pili ilikwishaondoka. Zikakutana uso kwa uso na watu 25 wakafa. Ujumbe ulifika salama na waya haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kitu cha kuzuia "karibu" mbili zisitolewe kwa chumba kimoja.

Edward Tyer akaleta dawa mwaka 1878. Kila stesheni inapata kabati lenye visahani vya chuma. Makabati mawili, moja kila mwisho wa kipande cha reli, yanaunganishwa kwa waya, na ndani yake sumaku-umeme zinashikilia makomeo. Kisahani kimoja kikitolewa upande wowote, hakuna kingine kinachotoka pande zote mbili mpaka hicho kirudishwe katika kabati mojawapo. Dereva haingii njiani bila kisahani chake. Na usoni pa kabati kuna dirisha dogo linaloonyesha hali ya njia. Hilo dirisha ndilo babu wa kitu ninachotaka kutundika mlangoni Muthetheni.

Waliosoma kompyuta wameshatabasamu. Kisahani cha Tyer ni kufuli ya programu, ile inayozuia michakato miwili isiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mholanzi Edsger Dijkstra alipolitatua tatizo hilo ndani ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chombo chake alikiita semafori, jina la ile mikono ya ishara ya reli. Tulipofundishwa semafori tulichorewa visanduku na mishale, na treni haikutajwa hata mara moja! Kwa maoni yangu wangeanza na Thorpe, na hakuna mwanafunzi ambaye angelala.

Haikupita bila damu nyingine. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakaachanishwa, yakateremka yenyewe, yakagonga treni iliyokuwa inafuata kwa ile kanuni ya kuhesabu dakika. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huohuo sheria ikazilazimisha reli za abiria kuachana na dakika na kufuata vipande, miaka 47 baada ya kitabu cha Cooke. Mwenye mradi serikalini anayelalamika kwamba mambo yanachelewa, asome hapo.

Upande wa pili wa historia hii uko posta. Wazee wa kwetu wanaikumbuka simu ya kuzungusha mkono, ile ambayo ukitaka kuongea na mtu Nairobi unamwomba kwanza opereta. Mabodi ya simu za namna hiyo, tangu soko la kwanza la simu lilipofunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, yalikaa na vibao vidogo vya kuanguka. Mteja akizungusha mkono, mkondo unaingia kwenye koili, sumaku inavuta kindoano, na kibao kinaanguka kwa uzito wake mwenyewe kikifunua namba ya mteja. Mteja akiacha kuzungusha, kibao kinabaki chini. Opereta akitoka kunywa chai, akirudi atakuta habari inamngoja. Hoteli kubwa nazo zilikuwa na bodi kama hizo jikoni au mapokezi, dirisha moja kwa kila chumba. Miaka ya 1960 kampuni ya Ferranti-Packard ya Canada ikatumia wazo hilohilo kwa vidoti vinavyogeuka kwa pigo moja la umeme na kubaki vilivyo kwa sumaku, ndivyo vilivyoandika majina ya vituo kwenye mabasi ya nchi nyingi.

Ukiwa na betri ndogo, kibao cha posta kinakuita kama asali. Kinatumia umeme nusu sekunde tu, halafu kinakumbuka bure mpaka kesho. Nilikipenda, lakini hebu tukiulize swali la panya. Panya wa Muthetheni wanakula waya. Chumba kilikuwa kitupu saa nne asubuhi, kibao kikaonyesha kitupu, panya akamaliza waya saa nne na robo, mama akaingia saa nne na nusu akafunga komeo. Kibao kitaendelea kusema kitupu kwa utulivu mkubwa. Watu wa programu tunaijua hali hii: nakala iliyohifadhiwa ambayo haina habari kwamba chanzo kimebadilika.

Reli ililipia somo hilo tarehe 21 Januari 1876 huko Abbots Ripton, Uingereza. Siku hizo mikono ya ishara ilikaa kwa kawaida katika hali ya "pita", ikipandishwa kuwa "simama" inapohitajika. Theluji ikaganda kwenye mikono na nyaya. Mtu wa ishara alivuta wenzo wake kuwa "simama", na kwenye kibanda chake kila kitu kilionekana sawa, kumbe nje mkono umebaki palepale unasema "pita". Treni ya kasi ikaingia kwenye treni ya makaa, na nyingine ikaja juu yao. Baada ya hapo reli ile iligeuza desturi: hali ya kawaida ikawa "simama", na "pita" ikawa kitu cha kuombwa.

Mmarekani William Robinson alikwishafika hapo kwa njia ya umeme. Saketi yake ya reli ya mwaka 1872 ni rahisi mno. Betri inawekwa mwisho mmoja wa kipande, rilei mwisho wa pili, na mkondo unapita kwenye vyuma vya reli vyenyewe. Mkondo ukifika, rilei inashikwa juu, maana yake njia ni tupu. Treni ikiingia, magurudumu yake yanaunganisha reli mbili, mkondo unakata njia ya mkato, rilei inaanguka. Lakini rilei inaanguka pia reli ikivunjika, waya ukikatika, au betri ikifa. Kila ugonjwa unaonekana kama treni. Ni hodi hasa: "karibu" lazima isemwe kila wakati kwa nguvu, na kimya chochote kinamaanisha baki nje. Bei yake ni kwamba betri inafanya kazi hata pasipo na mgeni.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na nilipoona hivyo sehemu kubwa ya mchoro ilijichora. Posta walitaka kumbukumbu, kwa sababu kibao kikikosea mtu anakosa simu. Reli walitaka kukiri, kwa sababu kibao kikikosea watu wanakufa. Mlango wa zahanati haumuui mtu siku hiyo, lakini nimeeleza juu kinachofuata mtu akiaibika. Nimechagua reli.

Kwa hiyo: kila mlango una komeo, na komeo likifunguliwa kabisa linagusanisha vipande viwili vya shaba. Mkondo unatoka kwenye betri ya volti 12, unapita kwenye shaba ya komeo, koili ya mlangoni, koili ya mezani, kisha unarudi. Koili zote mbili ziko kwenye mstari mmoja, moja baada ya nyingine, kwa hiyo mkondo unaoshika kibao cha mlangoni ndio huohuo unaoshika cha mezani. Waya ukikatika popote, vyote viwili vinaanguka. Kibao kimekaa kama mizani, upande mwekundu umezidi uzito kidogo tu. Hicho nitakichongesha kwa mbao nyepesi. Wamunyu ni jirani, na tangu Mutisya Munge aliporudi huko na ufundi wa kuchonga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hapakosekani mkono wa kuchonga kitu kidogo kikakaa sawa. Wekundu peke yake hautoshi, maana wapo wasiotofautisha rangi; kwa hiyo upande huo una maneno "Kuna mtu", na chini yake "Ve mundu" kwa Kikamba.

Hesabu ya betri hainitishi. Koili mbili za omu 500 kwenye volti 12 zinakula miliampea 12. Vyumba vinne vyote vikiwa vitupu ni miliampea 48. Betri ya 7 Ah, ile ya UPS, kwa karatasi ingetoa saa 145 hivi, yaani siku 16 za kazi za saa 9. Sitaimaliza betri mpaka chini, kwa hiyo gawanya kwa mbili, bado ni zaidi ya wiki nzima bila jua wala Kenya Power, na paneli ndogo ya wati 10 juu ya bati inaijaza bila shida. Usiku swichi kuu inazimwa na milango yote inakuwa myekundu. Hakuna programu ndani yake hata mstari mmoja, na kwa mtu wa kazi yangu hilo linauma kidogo :)

Upande mweupe ndio ulionichelewesha. Jina la kwanza lililomjia kila mtu lilikuwa "Ingia". Nililikataa kwa sababu ya kitu kilichotokea kwenye reli yetu wenyewe. Januari 1993 treni ya abiria ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilifika kwenye mto wa Ngai Ndethya ukiwa umefurika na daraja limesombwa, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kanuni zote za vipande, za Cooke na za Tyer, zinajibu swali moja tu: je, kuna treni nyingine humo ndani? Hazijui habari za mto. Kibao changu nacho kinajua komeo, basi. Hakijui kama sista ameingia na mgonjwa mikono imejaa, akausukuma mlango kwa mguu bila kufunga. Kwa hiyo upande mweupe umeandikwa "Piga hodi".

Makomeo yatakuwa na mfereji nje wa kufungulia kwa sarafu, kama ya vyooni, kwa ajili ya mtu anayezimia akiwa amejifungia. Vyumba vitatu viko tayari kupokea nyaya. Cha nne, cha maabara, mlango wake umevimba kwa mvua na komeo halifiki kwenye tundu lake, kwa hiyo pale atatangulia fundi wa mbao na randa yake.